Kumfuata Mtu Si Kosa

Marahaba, na karibuni. Najua mtakachouliza baada ya salamu, maana ndicho wanachouliza vijana wote wa ustawi wa jamii wanaoletwa kwangu: Mama Leokadia, mliwezaje kuwahudumia wanawake waliobakwa wakati hakukuwa na simu wala mafunzo? Mafunzo yalikuwepo. Ndiyo yaliyotuchelewesha kidogo.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni Mhangaza wa Mabawe, wilaya ya Ngara. Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipojaa kwenye vilima vyetu, shirika moja la kigeni lilifungua kituo kambini cha kuwasaidia wanawake na wasichana waliofanyiwa ukatili. Mimi waliniajiri kwa sifa mbili. Ya kwanza, nilikuwa nimefanya kazi ya uhudumu wa wodi, kwa hiyo damu hainitishi. Ya pili, Kihangaza na Kirundi vinaelewana, kwa hiyo shirika lisingehitaji mkalimani. Hiyo ya pili ilikuwa kweli kwa kiasi kikubwa. Mhangaza humwelewa Mrundi kama unavyomwelewa ndugu yako anayeongea huku anatafuna: unapata karibu yote. Nataka kuwaeleza kuhusu kile kidogo kinachobaki, kwa sababu mwanamke mmoja nusura apoteze kesi yake humo.

Nianze na kibao. Kituo chetu kilikuwa hema la turubai, na mbele yake palisimamishwa kibao kilichochorwa Mwanza kwa rangi nyekundu: KITUO CHA MSAADA KWA WALIOBAKWA. Kilikuwa kibao kizuri, herufi zimenyooka. Siku zikapita, hakuingia mwanamke hata mmoja. Waliingia wanaume, wakauliza kama nafasi za kazi bado zipo. Mmoja alikuja na msumeno wake.

Mimi nilikisoma kibao kile kila asubuhi kwa Kiswahili, nikaona kiko sawa. Aliyekuja kukisoma vingine ni Mwalimu Generoza. Huyu alikuwa Mrundi, mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kukimbia, na wanawake wa kambi walikuwa wamemchagua kuwa kiongozi wao. Alisimama mbele ya kibao, mikono nyuma, kama anayekagua ubao wa darasa la pili.

"Dada Leokadia, mnajenga nini humu?"

"Hatujengi kitu, Mwalimu."

"Mmeandika mnajenga."

Nikasoma tena, safari hii kwa masikio ya nyumbani. Kwubaka, kwao na kwetu, ni kujenga. Tena si kujenga ukuta tu. Mtu aliyeoa akatulia na familia yake, tunasema amejenga. Kwa hiyo kibao chetu kilikuwa kinatangaza msaada kwa watu wenye nyumba na ndoa nzuri, kambini, ambako hakuna aliyekuwa na nyumba.

"Na wanaojua Kiswahili?" nikauliza. "Hao wameelewa."

"Hao ndio hawatakanyaga kabisa. Nani apite chini ya maneno hayo mchana kweupe, jirani zake wakimwangalia? Wasioelewa wanaleta misumeno, walioelewa wanapita mbali."

Kibao kikageuzwa meza ya kukatia vitambaa. Tukaanza kufundisha kudarizi na kusuka vikapu, mwanamke yeyote akaribishwe, aliyefikwa na jambo na asiyefikwa. Shikeni hilo. Mlango wa kituo uwe mlango ambao mtu anaweza kuuingia kwa sababu nyingi, ili ile sababu yake moja isionekane na wapita njia.

Mafunzo yalitufundisha pia namna ya kuketi. Meza safi, viti viwili vinavyotazamana, umwangalie mwenzako machoni kuonyesha kwamba unamsikiliza. Nilifanya hivyo. Wanawake waliangalia meza. Ilikuwa meza ya kawaida lakini iliangaliwa sana.

Siku moja Mwalimu Generoza akaingia na ungo wa maharage, akaketi ubavuni kwa mama aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi, akamwekea nusu ya ungo mapajani. Wakaanza kuchambua. Mikono ikiwa na kazi na macho yana pa kukaa, mdomo nao ukaanza kufanya kazi yake polepole. Tangu hapo tukaagiza maharage kila mwezi. Mkuu wetu, mwanamke wa Kizungu ambaye wote tulimwita Madamu, akayaona kwenye orodha ya mahitaji ya ofisi.

"Haya maharage ni ya jikoni?"

"Hapana," akajibu Generoza. "Ni ya kuulizia."

Madamu hakuwa mtu mbaya. Alipenda kutueleza kwamba katika utamaduni wetu sisi Waafrika mambo haya hayasemwi. Generoza akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya ualimu, kisha akamwuliza: "Kwenu Ulaya yanasemewa wapi?" Madamu akasema kwa kweli hata kwao hayasemwi. Basi tukaendelea na maharage.

Mambo mengine ya kazi mnayajua, lakini nitayarudia kwa kuwa mtu mzima hurudia. Sabuni mpe, ila baada ya daktari. Nguo alizovaa zitie kwenye karatasi, usitie kwenye mfuko wa nailoni, zitaoza. Kanga mpya uwe nayo tayari, na usichague yenye maneno ya mafumbo. Wakati mmoja tulipewa mzigo mzima wa kanga zilizoandikwa maneno ya kuwasema mawifi, na kuna mama alikataa kuvaa ya kwake mpaka tukamthibitishia kwamba hatukuichagua kwa makusudi.

Sasa niwaambie kuhusu Konsolata. Si jina lake, alilichagua mwenyewe siku nilipomwomba ruhusa ya kumsimulia.

Alikuwa mjane kijana, mwenye mtoto mmoja, muuza maandazi katika soko la kambi. Kiswahili alikuwa amekiokota sokoni kwa wafanyabiashara wetu, na alikionea fahari. Hata ukimsemesha Kirundi alikujibu Kiswahili, hasa kama jambo lilihusu bei. Mafuta ya kukaangia yalipopanda, akaanza kutoka kambini kwenda vibarua vya kulima mihogo katika vijiji jirani. Hilo lilikuwa kosa kisheria. Mkimbizi hakuruhusiwa kuvuka mpaka wa kambi bila kibali, na kibali hakitolewi kwa ajili ya mihogo. Wenyeji walijua hivyo, na walijua pia kwamba mtu asiye na kibali hadai sana ujira.

Mwenye shamba alikuwa mwanakijiji mwenzetu, mtu wa heshima, msoma masomo kanisani. Siku ya tatu ya kibarua alimngoja Konsolata wenzake walipotangulia.

Konsolata alikuja kituoni kwetu kesho yake. Generoza akaweka ungo. Maharage yalipofika katikati, Konsolata akasema kwa lugha yake maneno mawili matatu tu: "Yaramfashe ku nguvu." Amenishika kwa nguvu, ukitafsiri neno kwa neno. Lakini hakuna Mrundi wala Mhangaza anayetafsiri neno kwa neno hapo. Usemi huo ukishatamkwa, watu huinamisha macho na hakuna anayeuliza kisha ikawaje. Ni kama mtu akikwambia fulani amefariki. Humwulizi, baada ya hapo akafanya nini?

Nikamwuliza anataka nini. Hilo ndilo swali la kwanza katika kazi hii, na mtashangaa ni wangapi hawaliulizi. Akasema: "Nataka aitwe. Mimi nimeitwa majina mengi tangu nivuke mpaka. Na yeye aitwe, mara moja tu, mbele za watu."

Tukaenda polisi. Kwa maelekezo ya Generoza nilianza na kibali kabla hawajakiuliza: huyu alikuwa nje bila kibali, mwandikieni kosa hilo kama mnataka, kisha tuendelee na lililotuleta. Ukilitanguliza mwenyewe, linapoa. Ukilificha, watalitoa wakati ambao wewe una haraka.

Konstebo wa zamu alikuwa kijana Msukuma aliyekulia Nyarubungo, huko Biharamulo. Mpole, nadhifu, mwenye mwandiko wa kupendeza. Alimpa Konsolata kiti, jambo ambalo si la kawaida, akamwambia aseme taratibu. Nikajitayarisha kukalimani. Konsolata akanizuia.

"Dada, Kiswahili ninacho."

Akaeleza kwa Kiswahili. Jina la mwenye shamba, siku, mahali, mihogo. Kisha akasema: "Alinifata ku nguvu. Nikapiga kelele. Akaenda zake." Na hapo akanyamaza, kwa sababu kwetu hapo ndipo mtu hunyamaza. Mimi nikainamisha macho. Konstebo akaandika. Akasoma kwa sauti, haraka kama wanavyosoma, Konsolata akatia sahihi, tukapewa PF3, tukaenda hospitali. Daktari akajibu alichoulizwa na karatasi ya polisi, yaani majeraha: michubuko ya mikono na magoti. Muuguzi wetu wa kituo alikuwa ameona zaidi na ameandika zaidi, lakini karatasi yake ilikuwa ya shirika, na polisi hawasomi karatasi za shirika.

Tukangoja. Mwenye shamba akaendelea kusoma masomo kanisani.

Wakati huo huo baba yangu mdogo wa Bukiriro akanitembelea. Walikuwa marafiki na mwenye shamba, jumuiya moja. Aliketi, akanywa togwa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Leokadia, huyo mwanamke wa kambini anatafuta nini?"

"Anatafuta haki, baba mdogo."

"Hawa watu wamemaliza kuni zetu, wamemaliza maji yetu, halafu sasa wanataka kumaliza na watu wetu. Kule walikotoka hawana ukweli. Ni damu yao."

"Bibi aliyekuzaa si alitoka ng'ambo ya mto Ruvubu, huko huko Burundi?"

"Huyo ni tofauti. Huyo tulimtolea ng'ombe."

Nikamjazia togwa. Akasema rafiki yake yuko tayari kutoa mbuzi, mambo yaishe kikwetu. Kazi yangu ilikuwa kufikisha ujumbe kwa mwenyewe, si kumjibia, kwa hiyo nilimfikishia Konsolata kama ulivyo.

"Dume au jike?" akauliza.

"Hakusema."

"Kamwambie mbuzi namtaka. Aje naye mahakamani, aseme alichoona."

Kesi haikusogea. Hatimaye tukarudi polisi, mimi na Konsolata, kuuliza kwa nini mtu yule hajakamatwa. Safari hii tulipokelewa na mkubwa wa yule konstebo. Akafungua jalada, akasoma, akafunga.

"Dada," akaniambia, "nimesoma maelezo. Anasema jamaa alimfuata kwa nguvu, akapiga kelele, jamaa akaenda zake. Sasa kumfuata mtu si kosa. Mimi mke wangu nilimfuata miezi mingi, tena kwa nguvu zote, mpaka akakubali."

Askari waliokuwa ukumbini wakacheka. Konsolata hakucheka. Alinikamata mkono, akaniuliza kwa Kirundi, polepole, uso umebadilika:

"Dada, huyu anasema alimbaka mke wake miezi mingi? Na wenzake wanacheka?"

Nikasema hapana, anasema alimfuata. Akasema ndiyo, amemfata, nimesikia. Na hapo, vijana wangu, maneno mawili yakagongana kichwani mwangu kama mabakuli ya bati.

Gufata, kwao na kwetu, ni kushika, kuchukua; ndilo hilo lililomo katika "yaramfashe". Sokoni Konsolata alikuwa amewasikia Waswahili wakisema "nimefata mzigo wangu", akaona neno ni lile lile la nyumbani, halihitaji kujifunza upya. Nami siku ile ya maelezo nilimsikia kwa masikio ya Kihangaza, nikaelewa kila kitu. Konstebo alimsikia kwa masikio ya shule. Na sote tuliosoma tunajua mwalimu wa Kiswahili anavyomfanya mtoto anayesema "kufata".

Nikaomba aitwe konstebo, na maelezo yasomwe tena. Akaja, akasoma: alinifuata kwa nguvu.

"Sikusema hivyo," akasema Konsolata. "Nilisema alinifata."

"Ndiyo, mama. Ulisema 'alinifata'. Nikakusahihishia." Alilisema kwa unyenyekevu, kama mtu asiyependa kushukuriwa.

"Na siku ile aliposoma ulisikia?" nikamwuliza Konsolata.

"Nilisikia. Nilidhani ndivyo Watanzania mnavyolitamka mkiwa ofisini."

Nikamweleza konstebo maana ya neno lile kwetu. Nililisema polepole ili mkubwa wake naye asikie. Konstebo akatazama mwandiko wake wa kupendeza kwa muda mrefu. Yule mkubwa aliyemfuata mkewe akakumbuka ana simu ya kupokea katika chumba kingine, ingawa simu ya kituo ilikuwa pale pale mezani.

Yakaandikwa maelezo ya nyongeza, safari hii na neno kamili la Kiswahili: alinibaka. Mwenye shamba akakamatwa. Lakini nilipomfundisha Konsolata neno hilo kabla ya kesi, juu ya ungo, aliacha kuchambua.

"Yaani nisimame mbele ya hakimu, niseme amenijenga?"

"Kiswahili ndivyo kinavyosema."

"Waandike wao. Mimi sisemi hivyo. Mtu yule hakujenga kitu."

Generoza akacheka mpaka maharage yakamwagika. Kisha akaniangalia, na wote tukajua tatizo limebaki pale pale: mahakamani kuna maelezo mawili, moja linasema alifuatwa, jingine alibakwa, na mwenye maelezo hayo hataki kutamka neno la pili.

Siku ya kesi lilikuja gari la shirika, pikapu. Kanuni ilikuwa kwamba mkimbizi haketi mbele na wafanyakazi, anaketi nyuma kwenye bodi. Hakuna aliyejua nani aliitunga. Konsolata akapanda nyuma, alishazoea. Generoza, mkimbizi mwenzake, akapanda. Mimi nilikuwa na nafasi yangu ndani, nikapanda nyuma. Madamu akaketi mbele, akageuka kututazama, akageuka tena, kisha akafungua mlango, akashuka, akaukunja mguu wake mrefu, akapanda nyuma. Dereva akaendesha peke yake kama waziri. Kwa vumbi la barabara zile, tulifika mahakamani sote rangi moja, nyekundu. Karani akauliza mlalamikaji ni yupi.

Siku hizi kesi hizi husikilizwa mlango umefungwa, na ni vizuri. Wakati ule ilikuwa bado. Chumba kilijaa watu wa kijiji cha mwenye shamba, waliokuja kumsindikiza mtu wao. Baba mdogo alikuwa benchi la mbele, kofia magotini. Wakimbizi tulikuwa nao wawili.

Hakimu alikuwa mtu wa Tanga. Kiswahili chake kilinyooka hata ungekitundikia nguo. Mshtakiwa hakuwa na wakili, akajitetea mwenyewe tangu aliposomewa shtaka, na sikatai kwamba alijua kusema.

"Mheshimiwa, huyu ni mkimbizi. Alikuwa nje ya kambi bila kibali. Mtu anayevunja sheria ya nchi iliyompokea, ataaminiwa?"

"Mahakama haisikilizi kesi ya kibali," akasema hakimu. "Endelea."

"Mheshimiwa, mimi nilimfuata tu, kumwambia amesahau jembe. Ndivyo alivyosema mwenyewe polisi siku ya kwanza. Haya mengine amefundishwa kambini. Wanafundishwa hawa."

Watu wakaguna kwa kukubali. Nilimwona baba mdogo akitikisa kichwa kuunga mkono.

Akaitwa konstebo. Alikuwa amekwisha kuhamishiwa kituo kingine, na angeweza kutuma udhuru, wengi hutuma. Alikuja kwa baiskeli, suruali imebanwa na kibanio cha nguo isiingie kwenye mnyororo, na akasahau kukitoa kabla ya kuapa.

"Maelezo ya kwanza uliyaandika wewe?" akauliza hakimu.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Shahidi alisema 'alinifuata'?"

"Hapana, mheshimiwa. Alisema 'alinifata'. Mimi nikasahihisha."

"Nani alikuomba usahihishe?"

"Hakuna, mheshimiwa. Nilizoea tu. Shuleni Kiswahili nilikuwa nakiweza."

Watu wakacheka, naye akasimama wima kicheko kikapita juu yake. Ni kazi ngumu kwa askari kusimama mbele ya watu na kusema kosa ni la kalamu yake. Nimewaona wakubwa wake wakishindwa. Muuguzi wetu naye akaeleza aliyoyaona, hakimu akaandika. Halafu akaitwa Konsolata.

"Utasema kwa lugha gani?" akauliza hakimu.

Nilijua ana Kiswahili chake cha kujivunia. Nilijua pia neno ambalo hatalisema. Akamtazama mshtakiwa, akatazama mabenchi.

"Nitasema kwa lugha yangu, mheshimiwa. Wakisahihisha, wasahihishe baadaye."

Karani mmoja mzee, Mhangaza, akasogea kuwa mkalimani. Konsolata akasimulia kuhusu kibarua na mihogo, na mzee akatafsiri vizuri, sentensi kwa sentensi. Kisha hakimu akauliza: "Mshtakiwa alikufanya nini?"

"Yaramfashe ku nguvu."

Mzee akafungua mdomo kutafsiri, maneno yasitoke. Lakini mimi sikuwa nikimtazama yeye. Nilikuwa nikitazama mabenchi. Watu wote waliokuja kusema kwamba hawa wa kambini hatuelewani nao, damu yao nyingine, maneno yao mengine, walikuwa wameinamisha macho, wote kwa pamoja kama waliosikia kengele ya misa. Mama mmoja akajifunika mdomo kwa kanga. Baba mdogo alikuwa anaangalia ndani ya kofia yake. Na kizimbani, mwenye shamba naye alikuwa ameinamisha macho, kwa sababu lugha ya mama haimwulizi mtu ruhusa.

Ukimtoa Madamu, hakimu wa Tanga ndiye pekee ambaye hakuelewa. Akamtazama mkalimani, akatazama mabenchi, akamtazama mshtakiwa.

"Mkalimani, amesema nini?"

"Mheshimiwa..." akasema mzee, akakohoa. "Amesema amembaka."

"Nimeona," akasema hakimu, akaandika.

Hukumu ilikuja baadaye. Jina la mwenye shamba lilisomwa mbele za watu, na baada ya jina lake likasomwa kosa lake, na akafungwa. Konsolata alikuja kusikiliza jina, alipolisikia akaondoka kabla ya mengine, alikuwa ameacha unga wa maandazi umeumuka.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni ile siku ya ushahidi, tulipotoka nje. Konsolata alisimama kando ya pikapu akijikung'uta vumbi, mimi na Generoza karibu yake. Baba mdogo akatoka, akatuona, akasita. Njia ya kwenda kwake ilipita pale pale. Nilimwona akitafuta la kusema. Kihangaza alikuwa nacho, na kingetosha, lakini nadhani baada ya yale aliyoyasikia mle ndani alikionea aibu. Akakimbilia Kiswahili. Na Kiswahili chake baba mdogo ni cha ofisini. Tangu ukoloni, kila akisimama karibu na jengo la serikali, anajua kusema kitu kimoja tu.

Akavua kofia, mzee yule mwenye wajukuu, akamwinamia mwanamke kijana wa kambini.

"Shikamoo," akasema.

Konsolata akamtazama. Alijua vizuri salamu ile hutoka kwa nani kwenda kwa nani, maana sokoni aliwaamkia wateja wake kila siku.

"Marahaba," akamjibu, akapanda nyuma ya gari.

Generoza akaniangalia, mwalimu mzima, aone kama nitasema lolote. Sikusema. Siku hiyo tulikuwa tumeshaona Kiswahili cha watu kikisahihishwa vya kutosha.